Mpini wa kisu cha samaki: mfupa, mpingo au tanga la jahazi?

Swali: "Assalamu alaykum fundi. Nina mgahawa mdogo hapa Malindi na kazi yetu kubwa ni samaki. Nilipokuja Lamu kwa Maulidi nilinunua kisu cha kufuliwa kwa mkono, chenye mpini wa mfupa mweupe na pete ya shaba. Kilinipendeza sana. Sasa mfupa umepasuka, ufa umeanzia kwenye msumari wa mwisho ukaenda hadi nyuma ya mpini, na pale mpini unapokutana na bapa hutoka maji ya rangi ya chai kila nikikiosha. Bapa lenyewe bado linakata vizuri. Nataka kuagiza viwili, kimoja cha jikoni na kimoja zawadi kwa kaka yangu aliyeko Muscat. Fundi mmoja ananiambia mpingo, wa pili pembe, wa tatu alicheka akasema plastiki. Na hiyo pete, iwe ya shaba au ya stenlesi?"

Wa alaykum salaam, dada. Mafundi wako wote watatu wamesema kweli, ila kila mmoja amekujibu kuhusu kisu kilichomo kichwani mwake. Tena wamekimbilia aina ya mpini bila kutazama maungio. Visu vinavyorudi kwangu vimeharibika, vichache vimeponzwa na mti au mfupa wenyewe. Vingi vimeponzwa na maji ya chumvi yaliyopata njia baina ya mpini na chuma, na njia hiyo mara nyingi fundi ndiye aliyeiacha. Kwa hivyo niruhusu nianze na hicho kilichopasuka.

Ufa unaoanzia kwenye msumari ukaelekea nyuma una sababu mbili, na kwa maelezo yako naona zimekutana. Moja ni nyundo. Riveti, yaani huo msumari unaoshika mpini, ikigongwa kichwa, shina lake hunenepa ndani ya tundu. Mbao hubonyea kidogo ikaipa nafasi. Mfupa hauna tabia hiyo, na kwa kuwa nyuzi zake zinakwenda kwa urefu wa muundi wa ng'ombe, hupasuka kwa urefu. Ufa wa namna hii huzaliwa siku ileile kisu kinapomalizwa, mwembamba kuliko unywele, umezibwa na vumbi la msasa na nta, na mnunuzi hauoni. Sababu nyingine ni kutu. Chuma kikigeuka kutu hutaka nafasi kubwa zaidi ya ile kilichokuwa nayo. Kutu iliyofungiwa chini ya kibao cha mfupa itausukuma mfupa polepole, kila siku kidogo, mpaka ule ufa mdogo ufunguke. Hayo maji ya rangi ya chai yanakuambia kwamba huko ndani hapajakauka muda mrefu.

Hata hivyo usikitupe. Fundi mwenye keekee atazitoboa riveti, atabandua mfupa, atasugua chuma kwa msasa mpaka king'ae, na penye vishimo vya kutu atapaloweka kwenye siki usiku mmoja. Siki lazima ioshwe kwa maji yenye magadi, la sivyo itaendelea kula, kisha kisu kianikwe juani kikauke kabisa kabla ya kuvishwa mpini mpya. Lakini mwambie atazame vizuri pale chuma kinapotoka kwenye bapa kuingia mpinini. Pakiwa pamekonda kwa kuliwa, kisu kitakatikia hapo siku unapasua kichwa cha nguru, na heri kikatike mkononi mwa fundi kuliko mkononi mwako.

Hiyo sehemu ya chuma inayoingia kwenye mpini ndiyo msuka, na ndilo neno la kumtajia fundi mwanzo kabisa. Kuna msuka mwembamba, unaochomekwa ndani ya mpini mzima uliotobolewa, nao hauonekani. Na kuna msuka mpana, wenye umbo lilelile la mpini, uliobanwa na vibao viwili, kimoja kila ubavu, hata ukikitazama kisu kwa mgongo unauona mstari wa chuma toka ncha mpaka mwisho. Wahunzi wa zamani walikuwa wakiuchoma msuka mwembamba ukawa mwekundu, wakausukuma kwenye mti, ukajitengenezea tundu lake wenyewe. Kwa jembe, au kwa kotama ya mgema, inatosha. Kwa kisu cha fedha nyingi siipendi. Tundu linabaki na ukuta wa makaa, makaa yakisagika mpini unaanza kucheza, tena moto ukipanda hadi kwenye bapa unayalainisha makali. Ukiona kisu kinacheza na kwenye tundu panadondoka unga mweusi, umeshajua kilivyotengenezwa.

Watu huniuliza kwa nini tusiwafulie visu visivyoshika kutu tukamaliza taabu hii yote. Visu vingi vya mkono huku vimefuliwa kwa springi za malori zinazovushwa kutoka Mokowe, ng'ambo ya bara, au kwa tupa kuukuu. Ni chuma cha pua chenye kaboni, kinachokubali nyundo na moto wa makaa. Mhunzi hukipasha mpaka sumaku ikatae kukinasa, kwenye nyuzi 770 hivi, akakipandisha juu kidogo ya hapo, kisha akakizamisha kwenye mafuta. Sumaku ya redio mbovu inamtosha kuwa kipimajoto. Stenlesi ya visu hutaka nyuzi zaidi ya 1,000, tena zishikiliwe sawasawa, na mkaa na mivukuto haviwezi kumhakikishia hilo. Kwa hivyo anayekuambia amekifua kisu barazani kwake na ni stenlesi, muulize amekitia moto wapi. Kama amekata kipande cha sinki akakinoa, basi ajue stenlesi ya masinki na masufuria haipati ugumu kwa moto hata aichome mpaka alfajiri. Itakata leo, kesho imelala.

Sasa pete, yaani noleo. Noleo la shaba ya manjano halikuwekwa kwa urembo mtupu. Linaubana mdomo wa mpini mahali ambapo msuka mwembamba ungeupasua. Taabu iko kwa jirani yake. Metali mbili tofauti zikigusana na kulowa maji ya chumvi hufanya betri, na katika betri hiyo moja huliwa. Baina ya shaba na chuma, kinacholiwa ni chuma. Na usidhani stenlesi ina huruma zaidi: yenyewe haipati kutu, lakini inakila chuma cha kaboni kilicho ubavuni mwake vilevile. Alumini ni kinyume chake, yenyewe ndiyo hugeuka unga mweupe, riveti ikalegea. Zile riveti za alumini za kufungia mabati, fundi akikuwekea kwenye kisu cha samaki mrudishie papo hapo.

Ukubwa nao una neno lake. Riveti mbili tatu nyembamba za stenlesi kwenye msuka mpana hazina nguvu ya kukimaliza chuma kikubwa kile. Balaa huletwa na noleo pana lililokumbatia shingo nyembamba ya kisu, na baina yao nafasi ya kupenya wembe. Chumvi, damu ya samaki na ndimu vinaingia humo, havitoki. Ndivyo kilivyo kisu chako, nadhani.

Kwa hiyo kwenye kisu cha jikoni mimi siweki noleo kabisa, si la shaba wala la stenlesi. Msuka mpana, vibao viwili, riveti za stenlesi namba 316, ileile ya vyuma vya boti. Imetiwa molibdeni, na kwenye chumvi inavumilia kuliko namba 304. Mabaki yake yanapatikana kwa mafundi wa boti, huna haja ya kuagiza Mombasa. Kabla ya kubana, epoksi, gundi ya rezini ya kuchanganya, ienezwe kwenye chuma chote kitakachofunikwa, isibaki hata pembe moja kavu, na ile inayofurika nje ifutwe kwa spiriti ingali mbichi. Fundi anayepaka matone mawili katikati akategemea riveti zimalizie kazi atakuuzia kisu kilekile ulicho nacho.

Ukiletewa kisu chenye noleo, kielekeze dirishani utazame baina ya shaba na bapa. Mwanga ukipita, na maji yatapita. Mshono ukionekana umeziba, tia tone moja la maji juu yake usubiri kidogo. Tone likibaki limesimama, kichukue. Likinywewa, mrudishie fundi kwa upole. Bado hujamaliza kulipa, mpini uko mkononi mwako.

Tuje kwenye vitu vyenyewe. Mfupa siuchukii, ila watu wanauweka mahali usipopaswa kuwapo. Hautoki buchani ukaingia kwenye kisu: huchemshwa ukatoka uboho na mafuta, kisha huanikwa kivulini wiki nyingi. Ukibaki na mafuta utaota madoa ya manjano na epoksi haitashika. Ukichemshwa kupita kiasi unakuwa kama chokaa. Wa ngamia, unaotoka upande wa Garissa na Tana River, ni mzito na mnene, naupenda kuliko wa ng'ombe. Lakini mgahawani, kwenye maji ya moto na sabuni kutwa, hata huo utakuangusha. Mfupa ni wa kisu cha kukatia matunda mezani, na riveti zake hazigongwi, zinasukumwa kwa mkono kwenye tundu lenye nafasi ndogo, epoksi ndiyo izishike.

Pembe ya ng'ombe ina urembo wake, hasa ile yenye mawimbi ya kahawia na maziwa. Ni kitu kimoja na kucha zetu, kwa hivyo ikipata joto hulainika. Fundi huipasha akainyoosha ikawa kibao bapa, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu ikilowa maji ya moto jikoni kwako itakumbuka umbo lake la zamani ikaanza kujikunja kwenye riveti. Tena isipokaushwa miezi kadhaa hunywea, chuma kikabaki kimejitokeza pembeni. Na ukikifungia kisu sandukuni, wale wadudu wanaokula ngozi na manyoya watakula na pembe. Ukitaka kujua kama ni pembe kweli, fundi akwangue unga kidogo auweke kwenye moto: pembe inanuka nywele zilizoungua, plastiki inanuka plastiki.

Ninaposema pembe na mfupa nasema vya ng'ombe, mbuzi, ngamia. Ukitokea mtu akakunong'oneza kuwa ana kipande cha ndovu cha babu yake, au jino la ngiri, au gamba la ng'amba la kupambia, ondoka. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, ikachoma tani 12 za pembe za ndovu mwaka 1989 na tani 105 mwaka 2016, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haikuulizi kama umeua wewe au umerithi. Kuwa nacho bila kibali kunatosha kukupeleka kizimbani. Ukitamani pembe ya ndovu iliyochongwa na mikono yenye ufundi, Siwa ya Pate, lile baragumu la kale la watawala, ipo Makumbusho ya Lamu hapo ufukweni. Kaitazame urudi nyumbani huna kesi.

Kwenye miti ningeweza kuandika mpaka kesho. Mpingo ndio mfalme, hilo halina ubishi: mzito hadi huzama majini, nyuzi zake zimebanana, unang'aa kwa kusuguliwa tu bila vanishi. Huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia ukubwa wa kukatwa, ndiyo maana wachongaji wengi wa pwani walihamia mwarobaini. Una mafuta yake ya asili, nayo huikataa gundi. Fundi asipoufuta kwa spiriti au asetoni muda mfupi kabla ya kupaka epoksi, kibao kitabanduka kizima kizima, kisafi upande mmoja. Na uzito wake huvuta kisu nyuma. Kwa kisu chepesi cha kutoa minofu, unamaliza kilo kadhaa za changu mkono umechoka bila kujua sababu. Jihadhari pia na mpingo wa dukani ambao ni mti mwingine uliopakwa rangi ya viatu. Chovya kitambaa cheupe kwenye spiriti usugue mahali pasipoonekana. Kikitoka cheusi tii, umepakiwa kiwi. Mpingo halali una rangi ya zambarau kwa mbali ukiutazama juani, na mara nyingine ukanda wa krimu ubavuni, ule wa karibu na gome.

Kwa pesa ya kawaida nakuelekeza kwenye mbambakofi. Ni mti wa majahazi na milango, na hautanuki wala kunywea ovyo kusi ikipisha kaskazi. Hapa kisiwani wachongaji wa milango wana mabaki yake pembeni, vipande vya shubiri moja visivyowafaa wao, na kwangu hivyo ni mali. Vumbi lake linawasha pua, ila hilo ni la fundi, si lako. Mwarobaini nao unafaa ukikaushwa taratibu. Wengi hawana subira. Kanuni ya mbao ni mwaka mmoja wa kukauka kwa kila inchi ya unene, na mtu aliyekata tawi la mwarobaini Ramadhani akakuuzia mpini Sikukuu ya Mfungo Tatu amekuuzia ufa. Mkoko uache kwenye boriti; kwenye kipande kidogo hupasuka ukikauka. Mnazi mzuri ni wa nje, ule mgumu wenye mistari, lakini nyuzi zake hunyanyuka zikachoma kiganja usipozizamisha kwenye rezini. Kifuu ni chembamba mno kuwa mpini, ila ukikata duara lake ukaliweka baina ya noleo na mti unapata ukanda mweusi wa bure wenye adabu.

Plastiki aliyoicheka fundi wako haistahili kuchekwa. Lamu hapa ilijengwa jahazi la Flipflopi kwa plastiki iliyoyeyushwa na ndara zilizookotwa, likashushwa majini mwaka 2018, likafika Zanzibar. Ukichukua kipande cha ule ubao mweupe wa kukatia nyama unapata mpini usionywa maji, usiooza, wa bei ya kutupa. Una vitimbi viwili tu. Epoksi haiishiki plastiki hiyo kabisa, kwa hivyo mpini unategemea riveti peke yake, na chini yake maji yatapita. Na ukipakaa mafuta ya nguru unateleza kama sabuni. Kwa kijana wa kuparua magamba ufukweni, nampa huo na kisu cha bei nafuu, kikifa kimekufa.

Kwako wewe, kisu cha jikoni, ningetengeneza mpini wa tanga. Tanga la jahazi la pamba likizeeka hukatwa mifuko na vitambaa vya kuchorea, na vipande vyembamba hubaki. Huoshwa kwa maji matamu mara nyingi mpaka ukilamba usipate chumvi, maana chumvi iliyobaki ndani itafika kwenye chuma. Hukaushwa kabisa, hukatwa vipande vya ukubwa wa kiganja, kila kimoja kikalowekwa epoksi na kupangwa juu ya mwenzake kama matabaka ya chapati za kusukuma. Kisha hubanwa kwenye jiliwa baina ya mbao mbili zilizofunikwa nailoni, hadi rezini iliyozidi itoke pembeni kama asali, na huachwa mpaka siku ya pili. Kinachotoka ni kibao kigumu cha rangi ya mchanga, na kikichongwa kwa mviringo yale matabaka huonekana kama mistari ya ramani. Hakinywi maji, hakijikunji, hakiogopi sabuni, na epoksi inakishika maana chenyewe ni epoksi. Jambo lililonifanya nikipende ni kwamba ukiacha kukisugua kwenye msasa wa wastani, usikipeleke mpaka king'ae, nyuzi za pamba hubaki zimejitokeza kidogo, na kikilowa hushika mkono zaidi kuliko kikiwa kikavu. Mti uliong'arishwa hufanya kinyume. Kwa mtu mwenye damu ya samaki hadi viwiko, hiyo ndiyo tofauti ya kubaki na vidole. Mwambie fundi avae barakoa akikichonga, vumbi la rezini si la kuvuta.

Umbo lake usimwachie fundi akisie, hasa kama mkono wake ni mkubwa kuliko wako. Pima upana wa vidole vyako vinne vikiwa vimebanana, ongeza upana wa vidole viwili, huo ndio urefu. Mpini usiwe duara kamili, uwe na umbo la yai ukikatwa, upande mwembamba chini, ili mkono ujue makali yako wapi hata umeme ukikatika. Nyuma uvimbe kidogo usikuponyoke unapovuta, na mbele uwe na kishingo kinachozuia kidole cha shahada kisiteleze kwenye makali. Mapambo ya kuchonga, yale maua ya milango, yaache. Ni mashimo ya kufugia uchafu, na afisa wa afya akija mgahawani utapata kazi ya kueleza.

Kukitunza hakuna siri. Kioshe kwa mkono mara tu ukimaliza, kifute, kikae wazi. Kisilale kwenye beseni la maji na masufuria mengine. Ndiyo tabia inayoua visu vya mkono kuliko zote, na wasaidizi wa jikoni hawaiachi mpaka uwasimamie. Mafuta ya nazi kidogo kwenye bapa jioni yanatosha kwa kisu kinachotumika kila siku. Yasipotumika huchacha, kwa hivyo kisu cha kuwekwa mwezi mzima kipakwe parafini ya maji ya duka la dawa. Mpini wa tanga hautaki kitu. Wa mti unataka nta, au mafuta ya kitani, ambayo hukauka yakawa ngozi, tofauti na ya nazi. Tambara ulilopakia kitani usilikunje ukalitupa pipani, hujiwasha moto lenyewe. Litandaze nje likauke. Sifa tunayopaka majahazi, mafuta ya maini ya papa, inahifadhi mti vizuri kabisa, ila ukiipaka mpini wako wateja watahamia kwa jirani.

Cha kaka yako ni habari nyingine, na hapo nakuruhusu urembo wote. Kisu cha zawadi hakilali kwenye maji ya samaki, basi kiwe na msuka mwembamba, noleo la shaba lililozibwa epoksi mpaka mwisho, kifuu, kisha mpingo au mbambakofi. Kumbuka kinakwenda kwa watu wanaojua mipini. Waomani wameweka khanjari kwenye bendera yao, na kila mzee wa huko atakitazama kwanza maungio halafu makali. Ukiwa na nafasi, sonara akuwekee uzi wa fedha kwenye noleo, mmoja tu. Msandali usiuombe ingawa huko wanaupenda. Wa Kenya umezuiwa kuvunwa tangu 2007. Ala ya ngozi agiza Siyu, mafundi wa ngozi wa kule hawajaisha, ila mwambie kaka yako ala ni ya safari. Kisu kikikaa ndani yake miezi, ngozi hunyonya unyevu na kukirudishia chuma.

Kuhusu kusafirisha, mpingo na jamii yake yote uliingia kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, Januari 2017, na watu wengi wamebaki na hofu hiyo. Tangu mwishoni mwa 2019 bidhaa iliyokamilika, ikiwa uzito wa mti huo hauzidi kilo 10 kwa mzigo mzima, haitakiwi kibali cha mkataba. Mpini mmoja haufiki hata robo kilo. Kisu kiende kwenye begi la chini, si la mkononi, ncha imechomekwa kwenye kipande cha kizibo na bapa limefungwa kadibodi. Na kwenye stakabadhi fundi aandike jina la mti na shaba waziwazi, asiandike "kisu cha urembo" tu, kwa sababu ofisa wa forodha akiona mpini mweusi unaong'aa kutoka Afrika Mashariki atataka kujua kama ni mti au ni pembe ya kifaru.